Majembe Ishirini ya Mzee Werema

Toroli lilikuwa linalia. Kwii... kwii... Kila gurudumu lilipozunguka Rhobi alitamani kulipiga teke.

Lakini hasira yake haikuwa ya toroli. Ilikuwa ya Mwalimu Desderius, ambaye muda huo alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, anatazama kwenye simu vipande walivyopiga siku nzima na kujichekea. Desderius alipangiwa kazi huku Nyambureti akitokea Kagera. Siku za wiki alifundisha fizikia, Jumamosi alipiga filamu za simu. Hii ya sasa ilikuwa ya mazombi. Aliyeiandika ni Rhobi, mwanafunzi wa sheria aliyekuwa likizo kutoka chuo Mwanza, amefikia kwa shangazi yake hapo kijijini. Au tuseme, ndiye aliyedhani ameiandika.

"Mwalimu, msukule haumi watu," alimwambia asubuhi ile, mbele ya vijana wote waliopakwa unga wa muhogo na rangi nyekundu mdomoni. "Msukule analimishwa. Analishwa pumba, analima shamba la mtu usiku kucha. Hiyo ndiyo hofu ya kwetu."

"Wakili ameanza," Desderius akawaambia vijana. Wakacheka. "Rhobi, mtoto wa leo ana simu. Anajua zombi anatembeaje na anakula nini. Ukimletea mtu anapalilia mihogo, anakuzima."

"Na mtoto wa kesho? Miaka ishirini ijayo, mtoto wa hapahapa akiogopa giza ataota maghorofa ya Ulaya. Halafu hamuoni mnachokifuta. Zombi hana mwenyewe. Anatokea, anauma, anapigwa risasi, imekwisha. Msukule ana mwenyewe. Hadithi yake lazima iulize: shamba hili ni la nani?"

Chuoni, hoja kama hiyo ingeinua ukumbi mzima. Hapa Beatrice, mpakaji wa sura, alimwomba asogee kidogo, anamzibia mwanga.

Mwisho alipewa dakika moja ya filamu. Mazombi watapita shambani wakiwa na majembe begani, basi. Majembe yalitoka kwa Mzee Werema, mwenye shamba, na aliyatoa kwa sharti moja tu: yarudi kabla giza halijaingia.

"Yana kazi," alisema mzee.

Kwa hiyo sasa jua lilikuwa linazama, watu wamechoka, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeng'ang'ania majembe, ayarudishe yeye.

Kwii... kwii...

Njiani ndipo akili yake ya kubishana ilipoanza kumsumbua. Mzee Werema anaishi na mke wake. Watoto wote wako Musoma. Vibarua hana, hakuna kijana wa Nyambureti aliyewahi kuitwa kupalilia pale. Ekari kumi na mbili za mihogo, hazina jani la magugu.

Watu wawili. Majembe ishirini ya nini?

Akashika mpini mmoja. Ulikuwa umelainika kwa viganja, unateleza kama umepakwa mafuta.

Mama yake asingehitaji kufikiri mara mbili. Mama, huko Nyakunguru, tangu duara, shimo la machimbo ya dhahabu, limporomokee Mwikwabe, kaka yake Rhobi, miaka miwili iliyopita, hajawahi kumwita mwanawe marehemu. Mwikwabe alizikwa amefunikwa uso. Waliomtoa shimoni walisema ni heri mama asione. "Yule niliyemzika si mwanangu," mama alisema wiki ile ile. "Wamemchukua." Na Rhobi, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, alimjibu hoja kwa hoja mpaka mama akanyamaza. Alishinda. Tangu siku hiyo mama hakulitaja tena jambo lile mbele yake, na Rhobi hakuwahi kuufurahia ushindi ule.

Uani kwa Mzee Werema kulikuwa na harufu. Pumba... pumba zilizolowekwa zikaanza kuchacha. Sufuria kubwa, la kupikia msibani, lilikuwa limefunikwa kando ya ukuta. Hakukuwa na nguruwe. Hakukuwa hata na kuku.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta majembe."

"Marahaba, binti. Ni kumi na tisa." Alikuwa bado kibarazani, hajalisogelea toroli.

Rhobi akahesabu. Kumi na tisa.

"Moja liko shambani," mzee alisema taratibu. "Wahi. Giza linaingia."

Akashuka shambani anasonya. Bila shaka ni mmoja wa wale vijana amelitupa. Na kweli, kwenye mstari wa mwisho alimwona. Mtu mweupe kwa unga, ameinama, anapalilia.

"Kaka, tumeshamaliza. Lete jembe."

Chwa... chwa... Hakuinua kichwa.

Rhobi akasimama, akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku nzima akatabasamu. Kumbe yupo mmoja aliyeuelewa mswada. Hanguruma, hanyooshi mikono mbele. Analima tu, kama mtu ambaye hakuna aliyemwambia kazi imekwisha. Akatoa simu na kuanza kurekodi. Desderius aone. Ajifunze.

Mtu yule alilima kwa mkono wa kushoto.

Alipofika mwisho wa mstari, aligonga jembe kwa kisigino. Mara mbili. Tap, tap. Udongo ukadondoka. Akageuka na kuanza mstari mwingine.

Tabasamu likamtoka Rhobi.

Nyumbani kwao kuna mtu mmoja tu aliyekuwa analima hivyo. Baba alikuwa anamgombeza: utavunja kisigino, mura, we kijana.

"Mwikwabe..." Ilitoka kama pumzi.

Jembe likabaki hewani.

Hakugeuka. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa aa... aa... sauti ya mtu asiye na kitu cha kutamkia. Rhobi akanyoosha mkono, akamgusa shavu. Akasugua.

Unga haukutoka.

"Mmempaka vizuri."

Mzee Werema alikuwa nyuma yake. Hakumsikia akija.

"Mzee... huyu ni nani?"

"Unaniuliza mimi?" Alisema kwa upole kabisa. "Leo shamba langu limejaa watu wa unga. Mimi nitawajulia wapi? Si wa kwenu huyo?"

Chwa... chwa... Jembe lilikuwa limerudi kazini.

Rhobi alikimbia. Na akiwa anakimbia alifanya jambo ambalo hajajisamehe hadi leo: ile video alimtumia Desderius, kama ushahidi.

Alirudi na kundi zima la filamu kwa pikipiki tatu, taa zote zikimulika. Shamba lilikuwa tupu. Mzee alikuwa anakula ugali na mkewe, akawakaribisha. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani. Ishirini.

"Umechoka, Wakili," Desderius alisema. Kisha akaicheza tena video. "Ila huyu jamaa ni hatari. Beatrice, huyu ulimpaka nini?"

Beatrice aliichukua simu, akairudisha video nyuma.

"Huyu sijampaka mimi," akasema, akaanza kufunga vikopo vyake.

Desderius aliiposti usiku huo huo, kama tangazo la filamu. Rhobi alimsihi aifute, akamwambia ni kaka yake, akalia. Akajibiwa kwamba machozi hayo angeyatunza kwa ajili ya kamera. Kufikia Jumatatu ilikuwa imetazamwa mara elfu arobaini. Mpeni tuzo huyu, waliandika. Zombi la Kibongo, hatimaye. Vicheko mstari mzima.

Alikwenda polisi mjini. Askari aliitazama mara mbili, na ya pili alimwita mwenzake waje waone wote.

"Dada, hii si ndiyo filamu yenu?"

Rhobi akachukua simu yake, akatoka nje. Yeye, ambaye chuoni hakuna aliyewahi kumnyamazisha. Kila hoja aliyokuwa nayo, jibu lake lilikuwa kwenye ile simu, na jina lake mwenyewe chini: Mwandishi, Rhobi.

Jumatano, akiwa bado mjini, mama alipiga. Hakuwa analia.

"Nimemwona anavyogonga jembe."

"Mama, nisubiri. Nitakuja, tutaenda na watu."

"Watu gani, Rhobi? Nilikwambia wewe, ukanishinda kwa maneno."

"Mama, tafadhali..."

"Nimeshapanda gari la Nyambureti."

Rhobi alirudi Nyambureti jioni ile ile, moja kwa moja hadi shambani. Mzee Werema alitoka kibarazani, akaitikia shikamoo yake, akasema hakuna mama yeyote aliyepita hapo. Sufuria lilikuwa jikoni, linachemka. Simu ya mama ilikuwa haipatikani. Haikupatikana Alhamisi. Haikupatikana Ijumaa.

Ijumaa usiku uliingia ujumbe, lakini wa Desderius.

"Wakili, umeshinda. Watu wanataka msukule wako. Kesho tunarudi shambani. Mzee hana shida, ila tuwahi kurudisha vifaa kama kawaida. Safari hii anatupa majembe ishirini na moja."