Tundu la Kumi na Saba

Lililompata Cheptoo lilianza na harufu. Jumapili hiyo kiwanda cha chai kilichoko juu ya Silibwet kilikuwa kimezimwa kwa usafi wa wiki, na yeye, fundi wa mitandao, alikuwa amekuja kubadilisha programu ya swichi. Swichi yenyewe ilikuwa kisanduku bapa cha chuma chenye matundu ishirini na manne. Kila tundu liliingiwa na waya mmoja, huu wa mizani, ule wa tanuri, mwingine wa mashine, ili ofisi ione na kuendesha kila kitu kwa kompyuta. Alipofungua kabati la swichi hiyo, akapigwa na uvundo wa nyama iliyosahaulika ndani ya sufuria. Akadhani ni panya. Akatafuta, asione panya.

Kwa mwaka mzima swichi hiyo ilikuwa ikigandaganda pasipo sababu. Watengenezaji walikuwa wametoa programu mpya, wakaeleza kwamba imeziba kasoro kadhaa na kuongeza mambo mawili: swichi sasa ingeonyesha jina la kila kilichounganishwa nayo, na fundi angeweza kufunga tundu lolote kwa amri moja. Cheptoo akaipakia, akangoja taa zizime na kuwaka tena, kisha akaifungua orodha.

Mizani ya kwanza. Mizani ya pili. Tanuri. Na kwenye tundu la kumi na saba, jina: SAGINI.

Akalitazama tundu lenyewe. Halikuwa na waya, ila taa yake ilikuwa ikipepesa.

Sagini alimjua kwa kusikia tu. Alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kukata majani, nayo ikamuua mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, kabla Cheptoo hajaajiriwa. Kidude alichokuwa akibonyeza ili kuiwasha kiliunganishwa hapo kwenye kumi na saba, kisha kikang'olewa.

Akainama kuchungulia. Kitu kilikuwa kikitoka tunduni, kahawia, kizito kama utando wa juu ya mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, chenye vinywele vifupi. Kabla hajafikiri akakipangusa kwa kidole. Kilikuwa na joto, joto la mate ya mtu, na katikati yake palikuwa na kipande cha ukucha. Cheptoo akatapika ndani ya ndoo ya taka. Akanawa kwa sabuni, akanawa tena kwa spiriti ya kusafishia mashine, lakini uvundo ulikuwa umeshaingia chini ya kucha zake, ukapanda mpaka kooni, kila akimeza mate akahisi ni kama anakimeza kile kitu.

Akaamua kukifungia. Akaandika amri, na tundu la kumi na saba likafa. Papo hapo jina likaonekana kwenye la kumi na nane. Akalifunga hilo. Likahamia la kumi na tisa, na waya uliokuwa humo ukavimba na kunywea, ukavimba na kunywea, kama koo la mtu anayemeza tonge kubwa bila kutafuna, na ute ukaanza kudondoka kutoka matundu yote, ukitiririka juu ya chuma hadi sakafuni, na ndipo Cheptoo alipokumbuka kwamba la ishirini ndilo sasa la mashine ya kukata, na kwamba kule chini Kipkurui, mfanyakazi wa usafi, alikuwa ameingiza mikono hadi mabegani katikati ya meno ya mashine hiyo ili kuchokoa majani yaliyogandamana, kwa hiyo akaacha kompyuta, akashuka ngazi mbio huku akisikia mashine ikianza kunguruma yenyewe, akaukamata mkono wa kuzimia umeme wote uliokuwa ukutani na kuuvuta kwa uzito wake wote.

Mashine ikasimama. Kipkurui alikuwa ameketi chini, mkono mmoja wa ovaroli umeng'olewa, ngozi imechubuka kuanzia kiwiko.

"Ilikuwa inataka mkono yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Haikuwa inakata. Ilikuwa inavuta."

Mzee Eliakim Obonyo, aliyekuwa akifagia upande wa matanuri, akaja taratibu. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana na alikuwa mzee wa kanisa. Cheptoo alipomweleza jina aliloliona, akavua kofia.

Kwa sauti ya chini akawaambia yale ambayo wafanyakazi wa zamani walikatazwa kuyasema. Mashine ilipomnasa Sagini, alishika waya wa kile kidude, uliotokea sakafuni, kwa mkono ule mwingine ili ajivute nje. Mkono ulionaswa ukasagwa pamoja na majani. Na wa pili nao ukaburutwa na meno, ukabaki nusu, na vidole vyake havikuonekana tena. Meneja akaamrisha mwili utolewe, mashine iwashwe, majani yasije yakaharibika.

"Na hayo majani?" Cheptoo akauliza.

"Yalikaushwa, nyathina, mwanangu. Yalipakiwa. Nilipakia mwenyewe."

Ili kuutafuta waya ule, wakaufungua mfereji wa waya chini ya sakafu. Waya wa kumi na saba ulikuwa bado umelala humo, na vidole vitatu viliukumbatia. Havikuwa vimekauka wala kuoza. Vilikuwa vyororo na vyenye unyevu, na vilipoguswa vikabana zaidi. Meneja alipopigiwa simu alisema vitupwe kwenye tanuri. Eliakim akakata simu, akapiga magoti kwenye ute ule, akaomba kwa Kijaluo kwa muda mrefu, huku akivifungua kimoja kimoja kama mtu anayemfungua mtoto aliyelala ameshika nguo ya mama yake. Kidole cha tatu kilipoachia, uvundo ukaondoka chumbani.

Wakavifunga katika kitambaa cheupe, wakavipeleka kwa mama yake Sagini, upande wa Borabu. Bibi huyo hakulia. Aliwaonyesha kaburi, Kipkurui akachimba pembeni yake, Eliakim akasoma zaburi, wakafukia. Upepo ukapita katika migomba, na Cheptoo akanusa mkono wake. Ulinukia udongo tu.

Kisha mama akawakaribisha ndani, akawaandalia vikombe.

"Mkubwa wa kiwanda alileta hii chai siku ya matanga," alisema, akiinua pakiti ili waone tarehe iliyopigwa muhuri. "Soma, mwanangu. Ni ya siku ile. Ni kazi ya mwisho ya mikono yake. Pakiti mbili nimekunywa nikimkumbuka, hii nikaweka ya wageni wake."

Eliakim akafumba macho. Kipkurui, asiyeweza kustahimili, akatoka nje akijifanya anapokea simu. Mama akapuliza povu, akanywa funda, akatoa unywele mfupi mdomoni kwa vidole viwili, akaupangusa kwenye leso, akanywa tena. Halafu akamtazama Cheptoo, akangoja.

Cheptoo akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka kikaisha. Ilikuwa chai nzuri sana, na jambo hilo hajawahi kumwambia mtu.