Kibarua wa Bure

Shuka la juu lilikuwa la moto.

Msomi aliligusa, mkono ukaruka wenyewe. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na mashuka haya ya hoteli aliyaacha yamekunjamana kama uso wa bibi aliyenyimwa ugoro. Sasa yamenyooka kabisa, yamepangwa rundo zima kwenye chumba cha pasi, na yananuka udongo mbichi.

Najua wewe ungetoka nduki. Msomi hakutoka. Mtu aliyezunguka na vyeti mpaka bahasha ikaota mvi, kila mlango unamwambia hana uzoefu, kana kwamba uzoefu unauzwa dukani pamoja na chumvi. Mtu ambaye mama yake ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe kaajiriwa. Mtu huyo hakimbii shuka. Aliyahesabu kama kazi yake, akafunga mdomo.

Aliyeyapiga pasi hakufunga wake. Mchana, umeme bado umelala, pasi ikaanza kufoka mvuke. Shiii. Msomi akageuka, na hapo akaona shuka limetanda hewani na katikati yake umbo la mtu limejichora, mabega membamba, kichwa kimeinama kama cha mtu anayeomba radhi, na shuka likawa linavuta pumzi ndani, linatoa nje, linavuta, linatoa, huku ile harufu ikipanda puani na kushuka kooni mpaka akahisi analishwa kaburi kwa kijiko.

"Bosi," alinong'ona mlangoni mwa ofisi, "kuna mtu mle ndani."

"Kama ni mteja, mkaribishe."

"Hana miguu, bosi."

Bosi alikwenda kuchungulia akitanguliza kitambi, akarudi kinyumenyume, kitambi kikitetemeka. Mganga akaitwa saa hiyo hiyo: mwanamke mkavu, asiyepoteza maneno. Alifukiza chumba, akauliza, "Wewe ni nani?"

"Nilikuja hapa kila asubuhi kuomba kazi." Ilikuwa sauti ya kijana, yenye adabu mpaka inauma. "Mlinzi ananifukuza, narudi. Mvua ikaninyeshea pale getini mpaka kifua kikanimaliza."

"Unataka nini?"

"Kazi. Hata bila mshahara. Nipate uzoefu tu."

Mganga akainua usinga. "Basi, toka kwa..."

"Ngoja, mama!" Bosi alimdaka mkono. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Amesema bila mshahara?"

Shetani alikuwa chumbani humo, ndiyo, lakini hakuwa yule wa kwenye shuka.

"Huyu haumwi," Bosi alisema, anahesabu kwa vidole. "Hali chakula. Hafiwi na shangazi kila mwisho wa mwezi. Umeme wenyewe hatumii!" Akamgeukia Msomi. "Kijana, wewe kapumzike nyumbani."

"Bosi, mama yangu atasema nini..."

"Msalimie."

Mganga alisonya, akakusanya vifaa vyake. "Asiyelipwa hujilipa, bwana mkubwa. Mimi simo." Akaondoka zake.

Hasira ilimpanda Msomi mpaka woga ukakosa pa kukaa. Alilisogelea shuka, pua kwa pua, kama lina pua.

"Na wewe, ndugu yangu! Umekufa ukitafuta kazi, bado unajipendekeza? Unaninyang'anya tonge mimi mwenzio?"

Shuka likanywea.

"Samahani, kaka," lilisema taratibu. "Nilidhani nafasi ziko mbili."

Kisha kile kichwa kilichoinama muda wote kikainuka, kikamgeukia Bosi.

Msomi alitoka. Alikuwa katikati ya ua aliposikia komeo linajifunga kwa ndani, halafu ile shiii, ndefu, na sauti ya Bosi imekonda kuliko mganga.

"Kijana! Msomi! Mwanangu! Rudi, kazi ni yako! Ya kudumu!"

Kwenye kioo cha dirisha, kitu cheupe kilikuwa kinazunguka na kuzunguka, kinakaza, na ndani yake mkono mnene unapapasa pa kutokea. Msomi alisimama akatazama, kwa utulivu wa mtu ambaye leo ndiye anayeketi upande wa pili wa meza.

"Tumepokea maombi yako, bosi," alisema. "Nenda tu. Tutakupigia simu."