Jina Lililotajwa Kizingitini

Sanyu aliporudi kutoka sokoni adhuhuri ile, alikuta uwanja wa nyumba yake mpya umefagiwa. Hakuufagia yeye. Mumewe Opio alikuwa gereji tangu alfajiri, na Opio huyo hajashika ufagio tangu azaliwe. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli, ufunguo anao yeye. Mistari ya ufagio ilianzia langoni ikaja moja kwa moja hadi mlangoni, na takataka zote zilikuwa zimerundikwa juu ya kizingiti, kana kwamba aliyefagia alitaka kuziingiza ndani.

"Majirani wa hapa Gumbo wana upendo," alijiambia, akacheka peke yake. Mtu aliyenunua nyumba kwa jasho hapendi kuona kasoro mapema.

Nyumba hiyo ilikuwa imewagombanisha yeye na Opio msimu mzima. Wote wawili walitoka Uganda, wakakutana Juba, na kwa kuwa mmoja ni Muganda na mwingine Mluo, walipendana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili hicho hicho. Waliishi mtaa wa Munuki, chumba kimoja, choo cha watu wote. Sanyu alipopata mimba, baada ya kusubiri hadi mashemeji wakachoka kuuliza, aliapa kwamba mtoto huyu hatazaliwa katika chumba cha kupanga.

Opio alitaka wanunue mtaa wa Gudele, wasivuke mto. "Kule watu wetu iko wengi," alisema. "Halafu hakuna daraja. Hii Gumbo yako, siku daraja imefungwa na uchungu imekushika, utazalia juu ya mto?"

Aliyeshinda ni Teresina. Huyu alikuwa rafiki wa Sanyu wa kufa na kuzikana. Alikulia kambi ya wakimbizi Uganda, akarudi kwao Juba, na meza zao za samaki wakavu pale soko la Konyo Konyo zilipakana. Jumapili waliimba kwaya pamoja kanisani Kator. Teresina alipozika watoto wake wawili, mmoja baada ya mwingine, wote wachanga, Sanyu ndiye aliyemshika mkono asidondoke kaburini.

"Gudele utanunua maji mpaka uchoke," Teresina alisema. "Nyumba yetu ya Gumbo imekaa bure. Uwanja mkubwa, mto karibu, Opio anatembea kwa miguu mpaka gereji yake. Wewe ni mgeni, ardhi hawatakupa kwa jina lako. Karatasi iandikwe langu, nyumba iwe yako. Mimi nitakuibia, dada?"

Siku ya kuhamia, Teresina alimleta Jada. Ukoo wao ulimtambua Jada kuwa mwangalizi wa udongo wao, ingawa kazi iliyomlisha ni kuendesha lori la maji, na hata siku hiyo alikuja na jezi ya mpira na kandambili. Alimwaga maji kwenye kizingiti, akauliza jambo kwa Kibari, lugha ya ukoo huo. Teresina akajibu neno moja: "Sanyu."

"Itika, dada," alimnong'oneza.

"Niko," Sanyu akaitika, na machozi yakamtoka. Karatasi ilimkataa, lakini udongo wa Juba umemwita kwa jina lake! Alimkumbatia Teresina pale pale mlangoni, na Teresina akamkumbatia kwa nguvu sana.

Basi uwanja ukaendelea kufagiwa. Kwanza Sanyu aliukuta tu umefagiwa. Kisha akaanza kumsikia mfagiaji. Jua likifika utosini, majirani wamejificha kivulini na hata mbwa wamenyamaza, ufagio ulianzia langoni, shwaa, shwaa, ukija mlangoni. Akichungulia dirishani, hakuna mtu. Mistari ilikuwa ikijichora yenyewe kwenye vumbi. Halafu ikaja harufu. Haikuwa ya mzoga wala ya ubani, ilikuwa harufu ya maziwa aliyocheua mtoto mchanga, imo kwenye mapazia, imo kwenye mito, katika nyumba ambayo haijawahi kulaza mtoto wao yeyote.

Opio alileta maji ya baraka kutoka Kator, akanyunyiza kila pembe. Kesho yake ufagio ulianzia sebuleni.

Siku ambayo Sanyu hakuweza kwenda sokoni kwa maumivu ya mgongo, alijilaza chumbani mchana, mlango ameukaza kwa kiti, na akausikia ufagio ukiingia, ukapita sebuleni bila haraka, ukapita ukutani ambako hakuna mlango, ukaja mpaka miguuni pa kitanda na kusimama, na godoro likabonyea ubavuni mwake kama mtu anavyokaa kumjulia hali mgonjwa, na kiganja kibichi, baridi kama udongo wa mtungi, kikatua juu ya tumbo lake na kuanza kulipapasa taratibu, na yeye akitaka kupiga kelele na sauti haitoki, akamsikia mtoto wake mwenyewe akigeuka tumboni na kukifuata kiganja kile kokote kilikokwenda.

"Sanyu," kitu kile kilinong'ona, kwa lafudhi ile ile ya Teresina siku ya kizingiti.

Jioni hiyo hiyo walikimbilia Gudele kwa rafiki wa Opio. Asubuhi Sanyu alipofungua mlango, alikuta takataka za uwanja mzima zimerundikwa miguuni pake. Opio alikaa chini akashika kichwa. Miezi yote alitamani kumwambia mkewe kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na sasa Gudele nayo haikufaa kitu.

Walimkuta Jada mtoni akijaza lori. Aliposikia habari, alifunga mpira wa maji, akamtazama Sanyu tumboni, kisha akatazama pembeni.

"Teresina hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Pale iko mwanamke. Nyinyi mnasema jini, sisi tunasema shetani. Alikuwepo kabla ya babu zetu. Hana mtoto, anataka wa mama mwenye nyumba. Teresina amempa wawili." Sauti ya Jada ilishuka. "Hamfuati mwenye karatasi. Anafuata jina lililotajwa mlangoni, kama mwenye jina ameitika. Mimi nilijua mmepatana, mama. Nani anaitika kitu hajui?"

"Rafiki yangu aliniambia niitike," Sanyu alisema.

Hakuna kilichomuuma kama kukumbuka furaha yake siku ile. Jini ni jini, halikumwahidi chochote. Lakini Teresina alikula naye sahani moja. Alimkandia mgongo wakiwa sokoni, akamwambia mtoto huyu atakuwa wa kike, akamchagulia na jina. Na wakati wote huo alikuwa ameshamgawa.

"Iko njia ya kufuta?" Opio aliuliza.

"Moja. Aliyetoa jina arudi asimame pale pale, ataje lake, aitike mwenyewe."

Teresina hakukana. Walipomkuta kwake alipiga magoti mbele yao, akalia mpaka kilemba kikamwanguka. Na alipoinuka, kitenge kikivutika mbele, Sanyu aliona alichokuwa amefichwa: rafiki yake naye alikuwa mjamzito.

"Nilizika wawili," Teresina alisema. "Wewe ulikuwepo. Ungefanya nini?"

"Ningekuambia," Sanyu akajibu.

Teresina alijifuta uso. Alikubali. Aliapa kwa Mungu na kwa makaburi ya wanawe kwamba kesho adhuhuri atakuja, na Sanyu, pamoja na yote, alimwonea huruma. Ndiyo taabu ya urafiki wa miaka. Hata ukishachomwa kisu, mkono bado unataka kumfariji mwenye kisu.

Alikuja kweli. Walisimama wanne mbele ya mlango ulio wazi, jua likiwachoma, Opio nyuma ya mkewe, Jada na dumu lake. Teresina aliuchukua mkono wa Sanyu akaushika kama vile Sanyu alivyomshika yeye siku zile za mazishi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Ile harufu ya maziwa ilikuja kuwapokea kutoka ndani.

Jada akamwaga maji. Akauliza kwa Kibari.

Teresina alifumba macho. Mkono wake wa pili ulikuwa juu ya tumbo lake mwenyewe. Sanyu akaubana mkono wake kumpa moyo, akasema polepole, "Sema, dada. Tutamtafutia huyo wako dawa pamoja. Sema tu."

"Maleesh, nisamehe," Teresina alinong'ona. "Wangu ameanza kucheza juzi."

Kisha akatamka kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Sanyu."

Sanyu hakuitika. Aliuma midomo mpaka damu ikatoka, na Opio, aliyeelewa haraka, akamziba kinywa kwa kiganja chake chenye grisi. Jada alipiga kelele kwa Kibari, akamsukuma Teresina, dumu likaanguka. Walikaa hivyo, mke na mume, wakihesabu pumzi, na ikaanza kuonekana kama jina limepotea hewani bila mwenyewe.

Ndipo ndani ya nyumba, kule chumbani, sauti ya Sanyu mwenyewe, na lafudhi yake yote ya Kiganda, changamfu na yenye machozi ya furaha kama siku ya kuhamia, ikaitika:

"Niko."

Teresina aliuchomoa mkono wake, akaenda zake langoni bila kugeuka. Opio alimfuata akimtukana kwa kila lugha aliyoijua. Sanyu hakumtazama hata mmoja wao. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, akimngoja mtoto wake apige teke, hata moja tu.