Chiriku na Mafuta ya Saa

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Chiriku alipangusa meza ya baba yake kando ya dirisha. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba yake alikuwa fundi bomba, lakini saa za mkono alizitengeneza kwa kuzipenda tu. Kazi ya Chiriku ilikuwa kununua mafuta ya saa na kuitunza chupa: ifunikwe vizuri, isipigwe jua, isiingie vumbi.

Jumamosi moja mafuta yaliisha, baba akamtuma kwa muuza vipuri. Njiani aliwakuta wenzake wakicheza mpira wa pete, akajiunga nao. Alipozinduka, duka lilikuwa limefungwa. Akarudi nyumbani kimyakimya, akaijaza chupa kwa mafuta ya cherehani ya mama.

Siku hiyo baba alikuwa na saa ya marehemu mume wa jirani. Mjane huyo hakutaka kuivaa; alitaka tu kuisikia ikilia. Baba aliitia mafuta kwa ncha ya sindano, saa ikaamka, mjane akaondoka nayo akiwa ameikumbatia.

Haikupita wiki, akairudisha.

"Imesimama tena, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Labda mwenyewe hataki iguswe. Labda kuna jambo nilimkosea."

Uzembe wa Chiriku ulikuwa umegeuka neno la marehemu!

"Mama, si yeye," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Nilitia mafuta ya cherehani."

Baba aliifungua saa, akaitazama kwa kioo cha kukuza. "Kweli. Ni mepesi mno. Yametambaa hadi kwenye springi, ikanatana."

Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi. Alitoka mbio kwa muuza vipuri, safari hii bila kutazama kando, akarudi na mafuta yenyewe. Baba aliisafisha mashine kwa benzini, kipande baada ya kipande. Chiriku alimshikia taa, mdomo ameufunga.

Jioni wakaipeleka saa wote wawili. Mjane aliiweka sikioni, akafumba macho.

"Inatembea," alinong'ona. Kisha akamvuta Chiriku kifuani. "Ahsante kwa kuniambia, mwanangu. Nilikuwa silali."

Walipotoka, baba alisimama kwenye ngazi.

"Kusahau kazi ni kosa, na ungeniambia tungecheka yakaisha," alisema. "Lakini uliponyamaza, mzigo wako ulimwangukia mtu aliyefiwa. Kazi ya mikono inataka ukweli, mwanangu, hata pale ambapo hakuna anayekuona. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Safari hii hakuongeza neno.