Kiti Chenye Mguu Mfupi

Kila nikitoka shule nilimkuta kaka yangu kwenye karakana ya Mama, akipuliza vumbi la mbao lililotua kwenye kompyuta yake huku amekunja uso. Nyumbani tulimwita Profesa. Alikuwa anaomba kusomea shahada ya uzamili ya usanifu wa samani, na chuo kilitaka jalada la picha na maelezo ya kazi alizobuni mwenyewe.

"Usiguse," alizoea kuniambia. "Wewe utaelewa nini?"

Nilielewa vizuri sana. Ukurasa wa tisa ulikuwa na kiti nilichomwona Mama akikiranda kwa mikono yake. Nilinyamaza wiki nzima. Nilitaka kumwona akiumbuka.

Siku moja kabla ya mwisho wa maombi, Mama aliomba kuliona jalada. Alipofika ukurasa wa tisa akaweka kidole kwenye picha.

"Hiki umekibuni wewe?"

"Ndiyo, Mama," Profesa akajibu bila kupepesa macho.

"Mbona mguu mmoja ni mfupi?"

Profesa akakohoa. "Ni makusudi. Unaonyesha mvutano baina ya utulivu na mwendo."

Nilicheka hadi nikapaliwa.

"Mvutano!" Mama akasema. "Nilimtengenezea mshona viatu. Sakafu ya kibanda chake imeinama."

Profesa akanywea. Nilimdharau kwa moyo wote, wala sifichi. Miaka minne ya chuo, halafu unaiba kiti cha mama yako na hujui hata kinakaa wapi!

"Nina kazi sita tu, Mama," akasema. "Wenzangu wana kumi na mbili. Nitakosa nafasi."

"Peleka hizo sita. Weka na kile kigoda chako kinachoyumba, ueleze kwa nini kinayumba."

Kigoda chenyewe hata paka wetu hakikalii. Lakini Profesa alitii, akaondoa kurasa zote zisizo zake.

Mwezi uliofuata aliitwa kwenye usaili. Walimu walimhoji nusu saa nzima kuhusu kigoda, naye akajibu kila swali, kwa kuwa makosa yote aliyafanya mwenyewe. Akapata nafasi.

"Kazi yako, hata ikiwa mbovu, unaweza kuieleza," Mama alimwambia. "Ya mwenzako utaitungia uongo tu."

Nikaanza kucheka. Mama akanigeukia.

"Na wewe uliyeniona nikikiranda kile kiti, ukachungulia jalada, ukanyamaza ili ndugu yako aaibike, unamcheka nani?"