Mlango wa Maji

Kila asubuhi Fadhiya alipandisha gauni lake kidogo, akashika sinia la mahamri, kisha akaruka kutoka tofali hadi tofali. Jiko lao, katika nyumba yao ya mtaa wa Kibokoni kisiwani, lilikuwa uani. Kati ya jiko na nyumba palikuwa na maji yaliyotuama.

Mumewe, Mbwana, hakuwa mvivu. Maji yalipotuama mara ya kwanza penye ukuta wa nyuma wa ua, alileta mkokoteni wa kifusi akapajaza. Maji yakahamia katikati ya ua. Akaleta mkokoteni mwingine. Maji yakahamia chini ya dirisha la mamake, Bi. Sheikha. Bidii ilikuwapo; maarifa hayakuwapo.

Nyumba ile imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na jiwe la tumbawe hunywa maji. Lipu ya chumba cha Bi. Sheikha ikaanza kubanduka. Godoro likanuka uvundo. Mbu wakazaliana, na kikohozi cha mama hakikuisha.

Mbwana akasimama mlangoni pa chumba hicho. "Mama, kabla ya masika nitakuhamishia Likoni kwa dada."

"Mimi sendi. Humu ndimo nilimozaliwa."

"Ukuta utakuangukia!"

"Basi ushike ukuta. Uniache mimi."

Fadhiya aliona kwamba maneno hayatakausha ua. Akamwita jirani yao, Zilpah Mapenzi, ambaye ni afisa wa afya ya umma. Zilpah akapiga hodi jioni hiyo.

"Masalkheri, Bi. Sheikha. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ruka, usilowe. Siku hizi tuna kisiwa chetu ndani ya kisiwa."

Zilpah akauzunguka ua. Akamwaga ndoo ya maji penye ukuta wa nyuma. Maji yakarudi moja kwa moja nyumbani.

"Kaka Mbwana," akasema, "kifusi hakiondoi maji, huyasukuma tu. Umeinua upande wa nyuma, sasa yanateremkia kwa mama. Maji yanahitaji mteremko wa kuyapeleka mbali na nyumba, na mahali pa kutokea. Zamani yalitokea wapi?"

Mbwana akakuna kichwa. "Sijui."

"Yalitokea kwenye mlango wa maji," akasema Bi. Sheikha. "Ni tundu la mawe, chini ya ukuta wa nyuma. Alilijenga babangu."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulikuja na mkokoteni."

Fadhiya akaficha kicheko chake kwa leso.

Wakachimba kifusi. Chini yake wakalikuta tundu, limezibwa kwa matope na mifuko ya plastiki. Wakalizibua mpaka kwenye mfereji wa mtaa. Kwa maelekezo ya Zilpah, waliushusha ua ukawa chini kuliko sakafu ya nyumba, ukiinama kuelekea nyuma. Wakajenga mfereji mdogo wa saruji hadi kwenye tundu, na hapo wakaweka wavu wa chuma wa kuzuia taka na panya.

"Hapa papite maji ya mvua tu," Zilpah akaonya. "Maji ya choo yana shimo lake. Na wavu usafishwe kila mara."

"Na ukuta wa mama?" Mbwana akauliza.

"Uacheni ukauke kwanza. Kisha upigeni lipu ya chokaa. Saruji itafungia unyevu ndani."

Masika yakafika. Mvua kubwa ikanyesha mchana kutwa. Fadhiya akasimama mlangoni, akayatazama maji yakishika mfereji na kutoka nje. Asubuhi alitembea kwenda jikoni kama watu wengine.

Mbu wakapungua. Kikohozi cha Bi. Sheikha kikapoa. Kila alipomaliza kuswali, alimshukuru Mungu na kumwombea Zilpah kwa jina. Mbwana naye alimpelekea jirani huyo shukrani za nyumba nzima.

Siku moja dadake Mbwana akapiga simu kutoka Likoni, akitaka kujua kitanda cha mama akitandike lini. Bi. Sheikha akaichukua simu mwenyewe.

"Kitandike Ijumaa, mwanangu. Nitakuja kula biriani, nilale usingizi wa mchana, kisha nirudi kwangu."