Mgongo Ndani ya Merikani

Wanawake ndio walioanza kulalamika.

Ilikuwa Malindi, miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani, katika ghala la simsim nyuma ya duka la Tribhovan, muuza nguo. Binamu yake Bhikhubhai alikuwa amefika kutoka Mombasa na mashine ya picha zinazotembea. Nguo nyeupe ya merikani ilitundikwa katikati ya ghala, ikaloweshwa maji ili mwanga upenye. Wanaume waliketi upande wa mashine. Wanawake waliketi upande wa pili, wakitazama picha zile zile kupitia nguo.

Picha ya mwisho ndiyo iliyowaleta watu. Bhikhubhai alikuwa amezunguka sokoni kutwa akiitangaza: ghorofa inateketea, na mama anamshusha mwanawe dirishani kwa kamba. Moto ulipoanza kuonekana, sauti ikatoka nyuma ya nguo.

"We baba uliyesimama, keti!"

"Mgongo wako si dirisha!" akadakia mwingine, na wenzake wakacheka.

Wanaume wakatazamana. Wote walikuwa wameketi. Tribhovan akachungulia upande wa pili. Kati ya wanawake na nguo palikuwa na sakafu tupu.

"Mama zangu, hapa hapana mtu."

"Hapana mtu, nasi twamwona?"

Kifuu cha nazi kikarushwa. Kiligonga nguo, kikaanguka. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtoto alishushwa dirishani, wanaume wakapiga makofi, na wanawake wakatoka wakifyonya. Mmoja alimwambia Tribhovan mlangoni, "Umetuita tuje kutazama mgongo."

Nyumbani, mkewe Saroj alikunja sari yake. Yeye pia alikuwa ameketi nyuma ya nguo.

"Ni kivuli," Tribhovan alisema. "Nguo haikulowa sawasawa."

"Kivuli hakipumui, babake Kanta."

"Nawe umeanza?"

"Hakuwa mbele ya nguo. Alikuwa ndani yake."

Asubuhi duka lilikuwa kimya. Waliokuwa wakinunua kwake tangu siku za baba yake walipita mlangoni na kuingia kwa Gulamhussein, ng'ambo ya njia. Wateja wa nguo ni wanawake, na mwanamke hanunui nguo mahali alipochekwa au alipotishwa. Kufikia adhuhuri hakuwa amepima hata dhiraa moja. Wawili walisimama kidogo, wakatazama majora yaliyopangwa ukutani.

"Bwana Tribhovan, hizi nazo zina watu ndani?"

Wakaenda zao. Tribhovan alifunga na kufungua mkasi, akaurudisha mezani kwa kishindo. Aliamua kuonyesha tena jioni ile, bure, ili kila mtu aione ile picha ya moto mpaka mwisho na maneno yaishe.

Mara hii aliilowesha nguo mwenyewe. Aliteka maji kwa ndoo, akayamwaga kwa kikombe kutoka juu, na maji yalipoanza kuteremka alisikia harufu ya karafuu maiti, ile wanayoipaka maiti kabla ya kuifunga sanda. Akainusa ndoo. Maji hayakuwa na harufu. Akainusa nguo, akarudi nyuma.

Watu walijaa, maana kitu cha bure kina wenyewe. Picha ya moto ilipoanza, wanawake hawakusema neno. Safari hii kelele zilitoka kwa wanaume.

"Bhikhubhai! Mwambie jamaa yako aondoke hapo mbele!"

"Kichwa kama mtungi, na bado kasimama!"

Tribhovan alikuwa kando ya mashine, na safari hii alimwona yeye mwenyewe: mtu mrefu, mweusi tii, mabega yamejaa dirisha lote la ile ghorofa, amewapa wanaume kisogo, na miali ya moto ikimpitia pembeni bila kumwangazia, huku ile karafuu maiti ikizidi kila mpini wa mashine ulipozungushwa, hata Bhikhubhai akaanza kukohoa na mkono wake ukapungua kasi, na watu wa pichani wakawa wanakimbia polepole, polepole zaidi, kama waliochoka kukimbia, lakini yule mwenye mgongo hakupungua wala hakuzidi, alipumua tu, mabega yakipanda na kushuka, na nguo iliyolowa ikipanda na kushuka pamoja naye.

"Zima," Tribhovan alinong'ona. "Zima, ndugu yangu."

Taa ilipozimwa wanaume walipiga mateke viti. Mmoja aliapa kwamba hataliingia duka la tapeli yule maisha yake yote. Wanawake walikuwa wameshaondoka. Hakuna aliyewasikia wakitoka.

"Picha ilikuwa mbele yetu," Saroj alimwambia nyumbani kwa sauti ya chini, amemkumbatia Kanta, binti yao. "Moto, dirisha, kamba. Lakini hakuna aliyeitazama."

"Kwa nini?"

"Leo aligeuka. Sisi ndio tuliokuwa tukitazamwa."

Kahonzi alifika mapema kesho yake. Alikuwa mwanamke wa Kakuyuni, mkulima, mtu wa maneno machache. Mwezi mmoja nyuma alikuja dukani na mganga wake, akaonyesha kwa kidole jora moja la merikani kati ya mengi yaliyofanana, mganga akalinenea maneno, na Kahonzi akaomba liwekwe hadi avune mahindi. Jana alikuwa ameketi nyuma ya nguo pamoja na wengine.

"Nguo yangu umeifanya nini?"

Tribhovan alikuwa na jibu tayari. Lile jora lilikuwa zito kuliko mengine, na pana, halikuhitaji mshono katikati, ndiyo maana alilitundika ghalani. "Nitakukatia nyingine, mama. Mpya. Merikani ni merikani."

"Ile si yangu hata unipe nyingine. Ni yake." Hakutaja jina la pepo wake. "Miaka mitatu ananiumiza, akitaka nguo nyeupe. Siku ile aliichagua, akaniacha nikalala usingizi. Wewe umemvua, ukamwanika mbele ya watu, ukampiga taa."

"Sikujua."

"Mbona hukuuliza? Nilikuwa nakaa mbali? Kakuyuni ni mbali?"

Saroj, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyejibu. "Mwite mganga wako, dada. Mwite leo."

Mzee Randu alifika alasiri na kayamba, chetezo na kigoda chake. Tribhovan alimwamkia shikamoo, akamtandikia mkeka ghalani. Nguo iliteremshwa. Randu aliifukiza, akaimba kwa Kigiriama huku kayamba ikichakacha, na Kahonzi akaketi mbele yake akitetemeka mabega. Kisha mganga akaanza kuikunja. Alifika mwisho wa nguo, akasita. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo.

"Hii imekatwa."

"Nilipunguza ncha," Tribhovan alisema. "Ilikuwa ikiburura sakafuni."

"Ilete."

Tribhovan aliwaza. Kisha akaketi chini, hapo hapo penye vumbi la simsim. Jioni aliyoikata, watu wa kijiji cha Barani walikuwa wamekuja mbio, wamefiwa na mzee wao, wanataka sanda. Lile pande lilikuwa juu ya meza, limekatwa tayari. Aliwapa.

"Imezikwa," alisema.

Kahonzi alishika kichwa. Randu aliiweka nguo mapajani.

"Kaburi halifukuliwi kwa ajili ya nguo," alisema mwishowe. "Nitampa hii, nimbembeleze. Huyu mama nitamtoa. Nguo kubwa ni yake, naye hakuikata."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye uliyeshika mkasi, mwanangu. Akiridhika, ameridhika."

Kayamba ilichakacha hadi magharibi. Kahonzi alilia mara moja, kilio kirefu, akatulia, akaomba maji ya kunywa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Aliondoka amejitwisha nguo yake kichwani, wala hakutazama nyuma.

Tribhovan alitundika merikani nyingine, akawaita watu mara ya mwisho. Walikuja wachache, kwa shingo upande. Hapakuwa na harufu. Hapakuwa na mgongo. Ghorofa iliwaka, kamba ikashuka, mtoto akapokelewa na mzungu mwenye masharubu, na picha ikaisha.

"Ndiyo hiyo?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

"Mtoto kashuka, basi?"

"Basi."

"Loo! Siku zote hizi nimefikiri yule mtu anatuziba jambo kubwa."

Wakatoka wakinung'unika, wanaume kwa wanawake, wakisema afadhali ile ya kwanza, ilikuwa na kitu ndani. Bhikhubhai alifunga mashine yake kwenye sanduku, na kesho yake akarudi Mombasa bila kumuaga mtu. Tribhovan alicheka, mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze. Kulaumiwa kwa picha mbovu hakufungi duka.

Na kweli wateja walianza kurudi, mmoja mmoja. Mvua ikanyesha, ikakatika. Habari zilikuja kutoka Kakuyuni kwamba Kahonzi analima na kuimba.

Siku moja, saa ya jua kali, Saroj alikuwa ameketi mlangoni mwa duka akipinda leso, mahali penye mwanga. Tribhovan alikuwa amepanda ngazi kule nyuma kabisa, akishusha majora kutoka rafu ya juu. Alisikia karafuu maiti. Dukani mwao hawakuwa wakiiuza.

Akageuka ili amuulize mkewe, na sauti ya mkewe ikamtangulia.

"Babake Kanta, sogea kidogo. Waniziba mwanga."

Saroj hakuwa ameinua macho kutoka kwenye sindano. Leso yote mapajani mwake ilikuwa kivulini. Nje, njia ilikuwa tupu na nyeupe kwa jua. Tribhovan alitaka kusema, yuko huku, yuko juu ya ngazi, lakini jora aliloshika lilimponyoka likafunguka hadi sakafuni bila sauti.

Saroj alisubiri. Kisha akafyonya, kama walivyofyonya wanawake wenzake ghalani.

"Basi kama huondoki," alisema, "keti."

Kigoda kitupu kilichokuwa kando yake kikalia, kama kinavyolia mtu mzima anapokikalia.